Jibu: Shemeji anataka leseni ya kikaushio cha samaki

Salaam ndugu. Nimekusoma: umebuni kikaushio cha nishati ya jua ukiwa mtafiti wa serikali, kampuni ya shemeji yako hapo Malindi inataka leseni, na wewe umo kwenye kamati ya kuchagua atakayepewa. Unauliza ufanyeje.

Kwanza fungua mkataba wako wa kazi. Mkataba usiposema vingine, kifungu cha 32 cha Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 kinampa mwajiri uvumbuzi uliofanywa kazini. Si chako kumgawia mtu.

Shemeji kuomba si kosa. Kosa ni wewe kukaa pale anapojadiliwa. Mwandikie mkuu wako kabla ya kikao, taja undugu na hisa zako katika kampuni hiyo, za mkeo pia. Kisha utoke kikaoni, na muhtasari wa kikao uonyeshe kwamba ulitoka. Kwenye kamati niliyokaa, mwenzetu alitangaza kwa mdomo tu; mkaguzi hakukuta maandishi yoyote, na mwenzetu akasumbuka sana kujieleza.

Sheria ya kusoma ni ile ya Mgongano wa Maslahi ya 2025, siyo ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 ambayo wengi bado wanainukuu. Na michoro ya kikaushio usimpe shemeji, hata mkikaa barazani kwa kahawa: washindani wake hawana baraza hiyo.

Mgao wako wa mirabaha, yaani malipo yanayotokana na leseni, siwezi kukukadiria bila kuuona mkataba. Muulize mwanasheria wa taasisi yenu.