Treni ya Mafuta Inapita Mjini Kwenu? Ulizeni Haya Mapema

Behewa moja la tangi la kawaida Amerika Kaskazini hubeba takriban lita 113,000. Zikimwagika zote kwenye ardhi tambarare kwa kina cha sentimita moja tu, zinafunika zaidi ya mita za mraba 11,000. Hakuna kikosi cha zimamoto cha mji mdogo chenye povu la kuzimia moto la kutosha eneo hilo, na treni ya mafuta inaweza kuwa na mabehewa mia moja. Kwa hiyo ushauri wetu kwa madiwani, kamati za maafa na wakazi wa kandokando ya reli ni kuelekeza nguvu nyingi kwenye mambo yanayofanyika kabla treni haijafika. Mkikaa mezani na kampuni ya reli, msiridhike kuambiwa kwamba usalama ni kipaumbele. Ombeni namba.

Swali la kwanza liwe kuhusu treni iliyoegeshwa. Breki za upepo hushika mradi upepo upo. Injini ikizimwa, kompresa husimama, upepo huvuja kidogo kidogo kwenye viungo vya mabomba, na baada ya muda breki hulegea. Kinachobaki ni breki za mkono, zinazokazwa behewa kwa behewa kwa kuzungusha gurudumu la chuma. Hilo ndilo lililoua watu 47 Lac-Mégantic, Quebec, Kanada, Julai 6, 2013. Treni yenye mabehewa 72 ya mafuta ghafi iliachwa bila mtu huko Nantes, mji jirani, kwenye mteremko wa asilimia 1.2 hivi, ikiwa na breki za mkono 7 tu zilizokazwa. Kichwa cha treni, yaani injini, kilichoachwa kikiunguruma kilishika moto, wazimamoto wakauzima moto na kuzima injini, upepo ukavuja. Treni ikabingirika kama kilomita 11 hadi katikati ya mji, ikafika kwa mwendo wa takriban kilomita 104 kwa saa na kumwaga karibu lita milioni 6. Wachunguzi wa Kanada walikadiria kwamba zilihitajika breki za mkono 17 hadi 26.

Jambo la kujifunza zaidi hapo ni jinsi jaribio lilivyofanywa. Treni ilijaribiwa kama imeshika huku breki za upepo za vichwa zikiwa bado zimekaza, kwa hiyo jaribio halikupima breki za mkono hata kidogo. Utaratibu sahihi ni huu: kaza breki za mkono, achilia breki zote za upepo, za vichwa pamoja na za mabehewa, kisha vuta au sukuma treni polepole kwa injini. Ikisogea, ongeza breki na urudie. Hesabu yenyewe si ngumu: treni ya tani 10,000 kwenye mteremko wa asilimia 1.2 inavutwa kushuka kwa nguvu sawa na uzito wa tani 120. Mnyororo wenye kutu au mkono uliochoka hupunguza sana nguvu ya kila breki, na ndiyo maana kukadiria kwa macho hakufai. Ulizeni treni za mafuta huegeshwa wapi, mteremko wa hapo unaelekea upande gani, nani hufanya jaribio, na kama kuna kile chuma kinachofungwa juu ya reli ili behewa linaloanza kubingirika liachishwe njia palepale, kabla halijashika kasi. Jibu zuri kuliko yote ni kwamba treni ya mafuta haiachwi bila mtu kwenye njia kuu juu ya mji.

Kisha ulizeni kuhusu beringi za magurudumu. Beringi ikianza kuharibika hupata joto, na vipimajoto vilivyowekwa kando ya reli huweza kuliona mapema kama viko karibu karibu na kama mtu anafuatilia mwelekeo wa joto hilo. East Palestine, Ohio, Februari 2023, kipimo cha kwanza kilisoma beringi moja ikiwa na joto la nyuzi 21 za Selsiasi juu ya joto la hewa ya nje. Kilichofuata kilisoma nyuzi 57. Cha tatu, karibu kilomita 31 mbele, kilisoma nyuzi 141, na hapo muda ulikuwa umekwisha: mabehewa 38 yaliacha njia. Kipimo cha pili hakikufikia kiwango cha kusimamisha treni, ingawa joto lilikuwa limeongezeka karibu mara tatu. Basi ombeni mambo mawili kwa maandishi: umbali kati ya vipimajoto pande zote mbili za mji, na kanuni ya kusimamisha treni kwa sababu joto linapanda haraka, hata kama kikomo hakijafikiwa.

Reli nayo ina mambo yake. Reli iliyovunjika ni miongoni mwa sababu kubwa za treni kuacha njia kuu, na ufa unaoanzia ndani ya chuma hauonekani kwa macho. Hupimwa kwa mawimbi ya sauti. Kwenye kona, tatizo huwa pia skrubu zinazoshikilia reli kwenye mataruma. Mosier, Oregon, Juni 2016, skrubu za namna hiyo zilikatika, reli zikapanuka, na mabehewa 16 ya mafuta ghafi yakaacha njia. Mkaguzi anayepita juu ya gari la reli huona kichwa cha skrubu kikiwa mahali pake, hajui kwamba shina limekatika chini. Ombeni kona za mjini zikaguliwe kwa miguu.

Mwendo tutaupitia haraka. Kanuni ya Marekani ya 2015 inaziwekea kikomo cha kilomita 80 kwa saa treni zenye mabehewa 20 mfululizo, au 35 kwa jumla, yaliyojaa vimiminika vya kuwaka. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo. Kushuka kutoka 80 hadi 50 kunaondoa kama asilimia 61 ya nguvu hiyo. Hakuna kifaa kinacholeta faida kubwa namna hiyo kwa gharama ya kupunguza mwendo tu.

Aina ya tangi mnaweza kuisoma wenyewe, mkisimama mbali salama na njia, kwa sababu imeandikwa ubavuni. DOT-111 (DOT ni Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, inayoweka viwango hivi) ni la zamani: ganda la milimita 11.1, na mengi hayana koti la nje. DOT-117 lina ganda la milimita 14.3, ngao nzima ya milimita 12.7 kwenye kila ncha, kinga ya joto iliyokusudiwa kuhimili dakika 100 ndani ya moto, na mpini wa valvu ya chini usioweza kufungua valvu unapoburuzwa ardhini. Angalieni herufi inayofuata namba. J ni tangi lililojengwa jipya kwa kiwango hicho. R ni la zamani lililoboreshwa, na ganda lake laweza kuwa lilelile la milimita 11.1. Sheria ya Marekani inaruhusu baadhi ya vimiminika vya kuwaka viendelee kusafirishwa kwenye DOT-111 hadi 2029, kwa hiyo msidhani yamekwisha.

Kwenye kituo cha kupakia, uvujaji mwingi mdogo hutokana na uzembe wa kawaida: boliti za mfuniko wa juu zimekazwa kwa kuzunguka badala ya kukazwa kwa kukingama, yaani moja kisha ya mkabala wake, au gasketi kuukuu imerudishwa. Mfuniko hulala upande, mvuke hutoka. Kosa lingine ni kujaza mpaka pomoni. Petroli hutanuka takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja, hivyo behewa lililopakiwa kwenye nyuzi 20 likapashwa jua hadi 40 linahitaji nafasi ya zaidi ya lita 2,000. Mpakiaji anayejaza kwa lita bila kupima joto anacheza na moto kwelikweli.

Kikosi cha zimamoto kwenu kijue mapema kinachopita. Namba za kukariri, zile za Umoja wa Mataifa za kutambulisha mizigo hatari, ni 1203 petroli, 1202 dizeli, 1267 mafuta ghafi, 1170 ethanoli. Mabango yenye namba hizo huungua na kuyeyuka, kwa hiyo orodha ya mabehewa kwa mpangilio wake lazima ifike kwa njia ya kielektroniki ndani ya dakika chache. Tangi lililoshushwa mzigo bado lina mvuke. Lisihesabiwe kuwa salama.

Moto ukishika tangi, watu waondolewe mita 800 pande zote. Maji yaelekezwe kupoza tangi, hasa sehemu ya juu yenye mvuke, kwa mizinga ya maji isiyoshikwa na mtu. Moto unaotoka kwenye valvu ya kupunguzia shinikizo usizimwe, maana mvuke utaendelea kutoka bila kuwaka na kutafuta cheche kwingine. Sauti ya valvu ikipanda, au ganda likibadilika rangi, kila mtu arudi nyuma mara moja. Ethanoli huvunja povu la kawaida, kwa hiyo ghalani kuwe na povu linalostahimili pombe. Kwa makadirio: dimbwi la mita za mraba 400, kwa lita 6.5 kwa dakika kwa kila mita ya mraba, kwa dakika 15, linataka lita 39,000 za mchanganyiko, yaani lita 1,170 za dawa ya povu ya asilimia 3. Wekeni pia mchanga karibu na mifereji ya mvua, kwani mafuta yakiingia humo moto huibukia mtaa mwingine.

Mabehewa 100 ya mita 18 ni treni ya kilomita 1.8. Ikisimama, inaweza kufunga makutano yote ya barabara mjini, kwa hiyo gari la zimamoto na ambulansi viwepo pande zote mbili za reli. Kila makutano yawe na bango lenye namba yake na simu ya chumba cha uongozaji wa treni. Pigeni simu hiyo saa nane usiku, si saa nne asubuhi, mtaje namba ya makutano, na mpime inachukua muda gani kabla ya mtu mwenye uwezo wa kusimamisha treni kuwa kwenye laini.