Pikipiki ya kuunda mwenyewe: kazi inayobaki ikishawaka

Siku injini itakapounguruma mara ya kwanza watu watakupongeza, na una haki ya kufurahi. Ila jua kwamba kazi bado ipo, tena ile isiyo na picha nzuri za kuonyesha watu. Kuna mashine safi kabisa zimefunikwa turubai gereji, zinawaka, rangi inang'aa, barabarani haziruhusiwi. Mara nyingi tatizo si ufundi wa mwenyewe. Ni kwamba hakuuliza mapema.

Basi kabla hujakata fremu, nenda kwa wanaokagua vyombo vya moto huko uliko. Sheria zinatofautiana mno: kwingine kubadilisha injini ni suala la kurekebisha hati tu, kwingine fremu iliyochomelewa upya inahesabika chombo kipya na inapewa namba mpya. Uliza, andika majibu, na umjue aliyekujibu. Mkaguzi aliyeshirikishwa mwanzoni atakuelekeza. Aliyeletewa kitu kimeshakamilika kazi yake inakuwa kutafuta kasoro.

Namba ya fremu usiisogelee na grainda. Hata kama unasafisha kutu, tumia brashi, kwa sababu namba iliyokwanguliwa inafanana na namba ya kitu cha wizi, na hakuna maelezo yatakayokutoa hapo kirahisi. Kisha ilinganishe na hati, herufi kwa herufi. Namba za mfumo wa sasa zina alama 17, na herufi I, O na Q hazitumiki humo. Ukikuta O kwenye karatasi, kuna mtu aliandika sifuri vibaya. Isahihishwe kabla hujapanga foleni.

Tunza risiti za vipuri vyote, na ya injini zaidi, pamoja na hati za pikipiki ilikotoka. Sehemu ulizochomelea zipige picha kabla ya rangi, maana mkaguzi haoni kilicho chini yake. Kama huna uhakika na mkono wako kwenye kuchomelea fremu, mpe fundi mwenye cheti. Hapa ubahili haufai.

Ushauri ambao wanafunzi wangu huupinga sana ni huu: funga pikipiki nzima bila rangi, halafu uifungue yote. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, uone kama mpira wa breki unavutika au waya unabanwa. Bana shokapu mpaka chini uone tairi linagusa madigadi au la. Hapo ndipo utakapogundua hujaweka mahali pa kufunga kibao cha namba, na tundu lake unalitoboa kwenye chuma kitupu badala ya kuharibu rangi uliyoilipia. Rangi ya unga, ile inayookwa, ni nene. Ziba nyuzi za bolti, viti vya beringi, na sehemu ya kufunga ethi, yaani waya wa umeme unaofungwa kwenye chuma cha fremu.

Ethi ndiyo chanzo cha mauzauza mengi ya umeme. Ukibonyeza breki na indiketa ikafifia, usikimbilie balbu. Fungua ethi, kwangua rangi mpaka chuma kionekane, ufunge tena. Indiketa inatakiwa kupepesa kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Ukiweka taa za LED kwenye flasha ya zamani, kile kifaa kinachozipepesesha indiketa, itapepesa kwa kasi ya ajabu kwa sababu zinavuta umeme kidogo; tafuta flasha ya LED. Na taa ya breki iwake kwa breki ya mkono na ya mguu pia. Watu wananunua masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) maridadi isiyo na swichi ya taa hiyo, wanakuja kushtuka siku ya ukaguzi. Kingine, taa nyingi za urembo hazina alama ya kuidhinishwa, ile E ndani ya duara. Nchi zinazoitaka alama hiyo, mkaguzi anaweza kuikataa taa bila hata kuiwasha.

Honi, vioo, spidomita, kiakisi chekundu nyuma, taa nyeupe ya kumulika namba, kelele za ekzosi: hivyo unavijua, hakikisha tu vipo. Mafuta ya breki, soma kifuniko. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na DOT 4, ingawa DOT 5.1 ni ndugu wa DOT 4. Waliopanga majina hayo hawakutuonea huruma.

Bima nayo iambiwe kila ulichobadilisha, hata kama bei itapanda.

Majaribio ya kwanza fanyia eneo lililofungwa. Kabla ya kutoka, kaza kila bolti kwa spana ya kupima mkazo, kisha chora mstari wa rangi unaopita juu ya nati na kuendelea kwenye chuma. Baada ya kilomita chache za mwanzo pitia yote, pamoja na spoki na cheni. Mstari ukiachana, nati imetembea. Ikitembea ileile tena, usiikaze tu na kuondoka; tafuta kinachotikisika karibu nayo, na mara nyingi ni kishikio cha ekzosi au cha injini.