Mchezaji Asipewe Uenyekiti wa Chama Bure

Vijana kadhaa hapa Nairobi huniletea gemu wanazotengeneza nizicheze kabla hazijatoka. Zile za dunia wazi, ambazo unajiundia mhusika wako na kuzurura utakako, karibu zote zina chama: cha wachawi, cha wezi, cha walinzi wa misafara. Unajiunga, unapewa misheni tano au sita, na kabla hujazijua sura za wenzako umeshafanywa mkuu wao. Mimi huwaambia jambo lile lile: punguza misheni, ongeza masharti.

Ugonjwa huu hata kampuni kubwa wanao. Katika Skyrim ya Bethesda, iliyotoka 2011, ukifika kwenye daraja la Chuo cha Winterhold kwa kawaida unaombwa uonyeshe uchawi mmoja ndipo upite. Kuanzia hapo unaweza kumaliza sehemu kubwa ya misheni za chuo kwa upanga, na mwishowe ukatawazwa Mchawi Mkuu. Morrowind, ya kampuni hiyo hiyo mwaka 2002, haikuwa na mzaha huo. Chama cha Wachawi kilikuwa na ngazi 10, na ili upande ilibidi ujuzi wako katika fani za chama ufikie kiwango. Usipofika, hata uwe umetumwa kila mahali ukarudi, unaambiwa nenda ukajinoe kwanza. Nimewahi kukaa jioni nzima nikichanganya dawa zisizo na mnunuzi, ili tu ujuzi upande.

Lakini namba peke yake hazitoshi. Mchezaji mwenye pesa humlipa mwalimu ndani ya gemu, namba zikapanda, na hajajifunza lolote.

Nenda Kamukunji, kwa mafundi wa bati, uone mtu anavyopandishwa cheo. Kijana akianza, kazi yake ni kushika bati lisiteleze mwenzake akigonga. Hakuna anayemtangazia kwamba sasa amefika daraja la pili. Siku moja tu fundi anamwachia mkasi na bati zima, kisha anaondoka kwenda kunywa chai. Baadaye mteja wa sanduku la shule anakuja kuuliza bei na fundi, bila kuinua macho, anasema, “Ongea na huyo.” Amepata chombo, amepata kazi ya kuharibu au kutengeneza, na watu wanaelekezwa kwake.

Hayo ndiyo ninayoyatafuta kwenye gemu. Oblivion ya 2006 ilikaribia: ulizunguka matawi 7 ya Chama cha Wachawi ukiomba barua ya mapendekezo, kila mji na kisa chake, na ukizikamilisha unafunguliwa Chuo Kikuu cha Arcane, ambako sasa unaweza kujiundia uchawi wako mwenyewe. Chama cha wezi katika gemu hiyo hiyo nacho kilikutaka uibe kwa hiari yako na kumuuzia mnunuzi wao mali hiyo ndipo upewe misheni inayofuata. Yaani ilibidi kweli uwe mwizi.

Jambo ambalo vijana hunibishia sana ni kufunga milango. Morrowind ilikuwa na Nyumba Kuu (koo za watawala) tatu za kujiunga nazo, na ukiingia moja hupokelewi na nyingine. Gothic ya 2001 nayo ilikuwa na kambi tatu, ukachagua moja. “Sasa mchezaji atakosa theluthi mbili ya kazi yangu!” Akose. Mradi umwonye kabla hajaapa, maana hakuna kitu kinachoudhi kama kufungiwa kimya kimya.

Kwa timu ya watu watatu, njia tatu ni mzigo. Tengeneza vyama viwili, kisha andika tukio moja linaloguswa na vyote. Morrowind ilifanya hivyo vizuri: chama cha wapiganaji kinakutuma ukachukue kitabu cha siri kutoka kwa mtu wa chama cha wezi. Misheni ni moja, na tayari una maadui.

Na huyo mkuu, akishatawazwa, atafanya nini? Kijana mmoja alinipa gemu yake ya misafara. Nikawa kiongozi wa walinzi wote, nikarudi langoni, na mlinzi wa zamu akaniuliza mimi ni nani na nimeleta nini. Mistari mitano ya mazungumzo mapya ingemaliza aibu hiyo, tena kwa bei rahisi kuliko misheni mpya. Nilimshauri kwamba mchezaji aishie ngazi ya naibu. Kiti cha juu abaki nacho mzee aliyekuwepo, na mchezaji apangiwe zamu, aamue nani alinde msafara upi, na msafara ukivamiwa yeye ndiye aitwe kujieleza. Bado anabishana nami kuhusu hiyo ya kujieleza. Anasema wachezaji wataichukia.