Kasuku anayejinyonyoa manyoya: yaliyonikuta na Kheri wangu

Waalaykum salaam dada uliyeanzisha mada. Habari ya kasuku wako nimeisoma mara mbili na picha nimeiangalia vizuri: kifua kimebaki malaika meupe (vile vinyoya laini vya ndani), mapaja wazi, kichwa kizima. Umesema ana miaka minne, kaanza Ramadhani iliyopita, na umeshashauriwa umpake mafuta ya nazi, umpulizie maji ya pilipili, au umnunulie mwenzake. Nakuomba usifanye hata moja kati ya hayo. Nakuandikia kutoka Muscat, Oman, na wangu ni wa kijivu mwenye mkia mwekundu kama wako, anaitwa Kheri.

Kheri alikuwa wa kaka yangu. Alimlea tangu kinda, akakaa naye miaka saba, akimbeba begani hata wakati wa kula. Kaka alipohamia Salalah, kusini ya Oman, kikazi, ndege akabaki na mama na mimi. Hatukuona tatizo, maana chakula kipo, maji yapo na tundu kubwa liko sebuleni. Mwezi wa pili, asubuhi nimeondoa shuka la tundu, nikakuta gazeti la chini limejaa manyoya. Nikajua anapukutisha ya zamani, kwani ndege wote hupukutisha. Nikaokota moja nikalitazama karibu. Shina lilikuwa limetafunwa na ncha ina damu iliyokauka. Unyoya uliodondoka wenyewe huwa na shina safi, zima. Wallahi nilikaa chini pale pale.

Kichwa ndiyo alama ya kwanza, na wewe umeipiga picha bila kujua. Mdomo wake haufiki kichwani, kwa hiyo mwili ukiwa wazi na kichwa kimejaa, anayenyonyoa ni yeye mwenyewe. Kichwa nacho kikipukutika, basi fikiria maradhi au ndege mwingine anayemnyonyoa.

Nilianza vibaya. Nilimpeleka dukani kwa wauza ndege, nikauziwa chupa ya vitamini na dawa chungu ya kupulizia, hakuna aliyemshika wala kumpima. Miezi miwili ikapotea na mbavu zikazidi kuonekana. Ndipo nikatafutiwa daktari wa wanyama anayejua ndege. Huyu alimpima uzito, akachukua damu na kinyesi, akampiga eksirei. Alikuwa akitafuta virusi vya maradhi ya mdomo na manyoya, vimelea, na madini ya zinki au risasi tumboni, maana kasuku hutafuna vyuma vya tundu na minyororo ya vitu vya kuchezea. Vyote hivyo hakuwa navyo, alhamdulillah. Alichokuta ni dalili za upungufu wa vitamini A. Akaniuliza anakula nini. Nikamjibu kwa fahari: alizeti, bakuli zima kila siku.

Alizeti ni mafuta matupu, dada. Vitamini A na kalisi (kalsiamu) hazimo za kumtosha, na hawa wa kijivu kalisi ikiwashuka sana hufika kupata degedege. Tukaanza kumbadilisha pole pole: peleti (chakula cha kasuku cha vidonge), karoti, boga, viazi vitamu vya kuchemsha, mchicha. Mwanzo alitupa kila kitu chini. Usimkatie chakula cha zamani kwa ghafla, anaweza kukaa na njaa kuliko kula asichokijua. Mie ilinichukua kama miezi mitatu, na kilichomshinda ni kuniona nikila karoti mbele yake bila kumpa. Parachichi na chokoleti usimwonjeshe hata kidogo, ni sumu kwake.

Pilipili unayoambiwa umpulizie haitamfanya chochote. Ndege hawasikii ukali wa pilipili kama sisi. Kheri hutafuna pilipili mbuzi pamoja na mbegu zake. Na mafuta ya nazi hugandisha manyoya, naye atazidi kujichokoa ili ayatoe.

Sasa nije kwenye nyumba, maana hapa ndipo nilipoumia nafsi. Daktari aliniuliza, "Mnafukiza udi?" Nikacheka, nyumba gani ya kwetu haifukizwi? Kumbe tundu liko sebuleni, na chetezo mama hukiweka juu ya meza ya pembeni, hatua mbili kutoka kwa ndege, kila siku baada ya Alasiri. Pumzi ya ndege si kama yetu. Hewa inapita kwenye vifuko vilivyoenea mwilini mwake, na moshi unamwathiri upesi na vibaya kuliko sisi. Udi, ubani, sigara, dawa ya mbu, vyote viwe mbali naye. Na zile sufuria zisizogandisha chakula, zikiungua kwa bahati mbaya mvuke wake huua ndege kwa dakika chache. Mama alilia. Tangu siku hiyo chetezo kinakaa chumba cha wageni, mlango umefungwa.

Halafu kiyoyozi. Huku kwetu kuanzia Mei mpaka Septemba hakizimwi. Asili ya kasuku hawa ni misitu yenye mvua, kuanzia Afrika Magharibi, Kongo, Uganda mpaka magharibi ya Kenya. Ngozi yake haikuumbwa kwa hewa kavu ya kiyoyozi, inawasha. Mpulizie maji ya uvuguvugu asubuhi, asiwe mbele ya kiyoyozi. Kheri chupa ya kupulizia anaiogopa, kwa hivyo namtandikia majani ya mchicha yaliyolowa kwenye sinia, anajigaragaza humo mpaka tumbo linarowa.

Umesema wako kaanza Ramadhani. Mie ningeanzia hapo. Kwenye ikweta usiku huwa na urefu wa kama saa kumi na mbili mwaka mzima, na ndivyo ndege huyu alivyoumbwa kulala. Nyumba zetu Ramadhani zinakesha mpaka daku, taa zinawaka, televisheni inasema, watoto wanakimbia, yeye yuko katikati. Mtafutie chumba cha giza na kimya, alale kwa muda wa saa kumi mpaka kumi na mbili kila usiku. Kheri analala chumba cha kupigia pasi tangu Magharibi, na hili peke yake lilituliza mengi.

Kingine, msimpigie kelele. Mama kila akimwona anang'oa alikuwa anapiga ukelele "Acha!" na kumkimbilia. Siku moja niko jikoni nikasikia "Acha!" kwa sauti ile ile ya mama, na mama hayupo. Nikachungulia. Anang'oa unyoya, analia kidogo kwa maumivu, kisha anajiambia "Acha!" na kugeuza shingo kutazama mlango. Alikuwa anatuita. Alishajifunza kwamba ile ndiyo njia ya kuletewa mtu. Tukabadilisha: akinyonyoa tunaondoka bila neno, akishughulika na kitu kingine tunakwenda kumsemesha.

Na kitu kingine lazima kiwepo. Porini huyu huruka na kundi asubuhi kutafuta matunda ya michikichi, anabangua, anarudi jioni na wenzake. Kwetu alikuwa analetewa bakuli, anamaliza kwa dakika kumi, siku nzima iliyobaki hana kazi ila manyoya yake. Nikaanza kumfichia chakula ndani ya karatasi iliyokunjwa, ndani ya maganda ya nazi, ndani ya makuti ya mtende. Kilichomkamata zaidi ni ukili, ule msuko wa majani makavu wa kushonea mikeka. Shangazi alituletea kutoka Unguja, mweupe usiotiwa rangi, nikamning'inizia pima moja tunduni. Aliuogopa siku nne. Siku ya tano alishika ncha, akauchana uzi kwa uzi kwa utulivu ule ule aliokuwa akijichania kifua. Sasa kila Ijumaa anapewa mpya.

Kuhusu kumnunulia mwenzake, sitakuficha, jambo hili linanigusa. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku, kwa sababu wamepungua sana misituni. Anayekuuzia bila karatasi huenda anakuuzia wa wizi. Tena ndege mgeni anaweza kuleta maradhi, au wakapigana, ukawa na wawili wanaonyonyoka.

Akijitoboa nyama au damu ikitoka isikatike, usingoje ushauri wa jukwaani. Gandamiza kwa kitambaa safi na umpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo.

Wa kwangu vichipukizi vilianza kuonekana mwezi wa tano, kama miiba midogo ya kijivu. Mara mbili alivirudia kuving'oa, kaka alipokuja likizo na alipoondoka. Leo ni mwaka wa tatu. Mapaja yamejaa, mgongo umejaa, ila kifuani upande wa kushoto pamebaki wazi ukubwa wa tende. Daktari anasema vitundu vya manyoya pale vimekufa. Kaka anampigia kwa video kila Alhamisi jioni kabla ndege hajalala, naye humwitikia "Hodi!"

Niandikie analala saa ngapi, anakula nini, na tundu liko wapi ndani ya nyumba. Na ukishamwona daktari, niambie majibu ya damu.