Praetor hakufuta Mbao Kumi na Mbili

Swali: Nasoma sheria, mwaka wa kwanza. Desa letu linasema Meza Kumi na Mbili, sheria za kale za Roma za mwaka 450 KK, zilifutwa na praetor (afisa wa Roma aliyesimamia mahakama), naye akafutwa na makaisari. Mbona Kaisari Justinian, karibu miaka 1,000 baadaye, bado anazitaja?

Jibu: Ni mbao, si meza. Lakini kinachochosha zaidi ni hilo "zilifutwa", maana kila msimu wa mitihani linarudi na ule mchoro wake wa mishale: Mbao, praetor, kaisari.

Praetor hakuwa na uwezo wa kufuta sheria ya raia. Alishika mlango wa mahakama tu: katika edikto yake ya mwaka, yaani tangazo lake rasmi, alitangaza madai gani atayapokea na kinga zipi atazikubali. Chukua ng'ombe. Umemlipia, umekabidhiwa kamba, mkaachana. Sheria ya raia ilitaka mancipatio, yaani sherehe rasmi ya kuhamisha umiliki: mashahidi watano, mshika mizani na kipande cha shaba. Hamkufanya, basi mwenye ng'ombe ni muuzaji bado, mpaka ukae naye mwaka mzima. Muuzaji akigeuka kumdai, praetor anakupa kinga kwamba aliuza na akakabidhi. Ng'ombe akichukuliwa na mtu mwingine, praetor anakupa dai liitwalo Publisiana, ambamo mwamuzi anaagizwa ahukumu kana kwamba ule mwaka umeshapita.

Sasa, kama kanuni ya mwaka ilikuwa imefutwa, hiyo "kana kwamba" ya nini? Na mwaka huo mmoja umetoka kwenye Mbao zenyewe.

Edikto iligandishwa na mwanasheria Julianus kwa agizo la Kaisari Hadrian, yapata mwaka 130 BK, ikabaki inatumika. Aliyefuta kweli utaratibu ule wa ng'ombe ni Justinian, mwaka 531.

Wauza madesa hawakwambii jambo jingine: Digesta ya mwaka 533, mkusanyo wa Justinian wa maandishi ya wanasheria wa kale, si picha ya Roma ya kale. Kamati iliyoutunga, chini ya Tribonian, iliruhusiwa kurekebisha maandishi ya wanasheria waliokufa karne tatu kabla yake, na mancipatio iling'olewa, mara nyingi ikawekwa "kukabidhi". Ukimnukuu Ulpian, mmoja wa wanasheria hao, bila kuangalia hilo, unaweza kumtia mdomoni sheria ya Constantinople, mji wa Justinian. Fomula ya Publisiana isome kwa mwanasheria Gaius, Institutiones, kitabu cha 4, aya ya 36, kutoka hati iliyopatikana Verona mwaka 1816. Hiyo kamati haikuigusa.