Maafisa ugani wapya Kigoma, msianzie ziwani, anzieni shambani

Wadogo zangu mnaoripoti Kigoma, chuoni mlifundishwa mmomonyoko kama hasara ya mkulima, udongo umeondoka na mavuno yameshuka, basi. Huku udongo huo unaishia Ziwa Tanganyika na mvuvi naye anaumia, na mara nyingi ni mtu yule yule, usiku yuko ziwani na taa anatafuta dagaa, mchana yuko jarubani kwenye mpunga wake.

Habari za matumbawe mtakuwa mmezisikia. Kule Australia mashamba ya miwa ya mabondeni yanamwaga nitrojeni baharini kwenye miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef, vijimea vya majini vinazaliana, na makinda ya kile kiti cha pweza chenye miba (mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota) yanapata chakula cha kutosha, yakikua yanakula matumbawe. Sisi matumbawe hatuna maana maji yetu ni baridi, yaani hayana chumvi, ila tuna miamba ya pembeni mwa ziwa, na kazi yake ni ileile. Samaki wanakwangua utando wa kijani kwenye mawe, wanazalia humo humo, na wengi wao hawapo popote pengine duniani. Tope likishatanda juu ya jiwe hakuna chakula na hakuna pa kutagia. Alafu Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, maji mengi yanaondoka kwa mvuke, kwahiyo tope likiingia ndo limeingia.

Sasa wengi mkifika mnaukimbilia mto Malagarasi kwa sababu ni mkubwa na unaleta maji mpaka ya Tabora kupitia mto Ugalla. Mi ningewaambia msianzie huko. Malagarasi unapita kwenye mabwawa na matete mengi sana kabla haujafika ziwani, tope jingi linabaki njiani, ndo maana yale mabwawa ya juu kuyakausha tulime ni hasara ya wote. Wa kuwaogopa ni vijito vifupi vya milimani kama vya upande wa kijiji cha Mwamgongo, vinashuka kwa kasi na havina pa kupumzika, halafu na mto Luiche pale kusini ya Ujiji ambako watu wanalima mpunga mpaka karibu na maji yenyewe.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sawa, ila mama mwenye robo eka ambayo yote iko ndani ya hizo 60 ukimsomea kifungu atakuitikia "ndiyo bwana shamba" na kesho jembe liko palepale. Anza na anachoweza, aache matete ya ukingoni yasimame, apande mabingobingo juu yake maana ng'ombe au mbuzi watakula, na yale mahindi yaliyo kwenye mteremko kabisa mshawishi aweke michikichi taratibu. Hapa kwetu mchikichi hauna haja ya kuupigia debe.

Mbolea nayo ni muda tu. Urea ikimwagwa juu wakati wingu limeshajaa, nyingine unaigawia ziwa. Kwenye mpunga punguza maji kwanza, weka, ziba pa kutolea maji siku kadhaa, usikubali jirani wa juu afungulie maji yake yapite kwako siku hiyo, hapo itabidi mkae kikao cha mfereji mzima na ugomvi utakuwepo, vumilia.

Moto wa Agosti na Septemba ndo unaniudhi kuliko yote. Mlima unabaki mtupu, Novemba mvua ya kwanza inakuta majivu na udongo uliolegea, ziwa linageuka rangi ya chai ya maziwa pale kwenye midomo ya mito. Kwahiyo ukifika Juni ukaona maji meupe usiandike ripoti kwamba hali nzuri, subiri hiyo mvua ya kwanza uvae mabuti upande juu kwa kukifuata kijito, utakuta mara nyingi tope linatokea kwenye mashamba machache tu au kwenye njia ya ng'ombe, na hao ndo wa kwenda kuongea nao kwanza.