Bamba likikosekana, usifute la zamani kwenye orodha

Ndugu, umeuliza mfanyeje pale bamba la chuma la geji 20 (geji ni kipimo cha unene) mnalotengenezea kabati linapokosekana huko Industrial Area mkalazimika kutumia geji 18, na kama mlifute lile la zamani kwenye orodha ya vifaa vya bidhaa.

Usilifute, tafadhali. Ukilifuta, oda zilizo wazi zinabaki na pengo, na kabati ya mwaka jana ikirudi kurekebishwa hutajua iliundwa kwa bamba gani. Liwekee alama ya "halinunuliwi tena" na tarehe, mmalize lililoko stoo, ndipo jipya lianze.

Hiyo ni kama geji 20 haitarudi kabisa. Kama ni uhaba wa muda, ibaki kuwa kifaa kikuu, na geji 18 iandikwe chini yake kama mbadala.

Wengi huumia kwenye vipimo. Bamba la geji 20, yaani la unene wa milimita 0.9 hivi, lina kilo 7 hivi kwa kila mita ya mraba. La geji 18, yaani milimita 1.2 hivi, lina kilo 9.4. Mkihesabu kwa kilo, mbadala unahitaji kizidisho chake, yaani kilo za geji 20 mara 1.33 hivi. Bila hicho stoo itaonyesha chuma ambacho hakipo, na gharama ya kabati itakuwa uongo mtupu. Mashine ya kukunja nayo ipangwe upya, kwa hivyo fundi aambiwe kabla hajakata.

Mbadala aidhinishe mtu wa ufundi, si mnunuzi akiwa dukani. Na kadi ya kazi ionyeshe bamba lililotumika kweli.